Sista na Mwalimu Hawasalimiani

Kazi yangu ilikuwa na jina refu ambalo baba hakuwahi kulimaliza. Yeye alitoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi ya saruji Hima, Uganda, akaoa, akatuzaa, akabaki. Majirani walipomuuliza binti yake anafanya nini mjini Kasese, alisema, "Huyu huuliza watu maswali," na alisema kwa sauti ya mtu anayetumaini kwamba siku moja nitapata kazi nyingine.

Hakukosea sana. Tulikuwa tunataka kujua wahudumu wa vituo vidogo vya afya wanafanyaje kazi pamoja: tabibu, mkunga, nesi, mtu wa maabara, na wale wa kujitolea wanaozunguka vijijini; pia wananchi wanaohudumiwa wanawaonaje. Hatukuhesabu kitu. Tuliketi na watu, tukauliza, tukarekodi sauti zao kwa ridhaa yao, kisha tukaandika kila neno lililosemwa na kulisoma mpaka macho yaume. Mimi nilikuwa mratibu. Maana yake ni kwamba nilitafuta gari, betri, vibali, chai na mandazi, na kuhakikisha kwamba watu wangu wanaelewana. Hilo la mwisho ndilo nililoliona jepesi kuliko yote.

Watu wangu walikuwa wawili. Wa kwanza tulimwita Sista. Alikuwa nesi mstaafu, mzaliwa wa milima ya Bwesumbu, mfupi, mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa kama kifuniko cha sufuria. Akikuuliza jambo kwa Lhukonzo, lugha ya milima hiyo, unajikuta umemwambia hata lile ulilokuwa umemficha mumeo. Kasoro yake ilikuwa moja. Kustaafu kulifika kwenye karatasi zake lakini hakukufika mdomoni. Hakuweza kumsikia mgonjwa akikosea habari ya dawa akanyamaza.

Wa pili alikuwa Mwalimu. Aliwahi kufundisha Kifaransa shule za karibu na mpaka, mama yake akitokea ng'ambo ya pili, Kongo, ambako watu husema lugha inayokaribiana na Lhukonzo. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na masikio ya ajabu. Yeye ndiye aliyesikiliza rekodi na kuzichapa. Siku yake ya kwanza nilimwambia kama nilivyofundishwa mimi: "Andika kila kitu. Usirekebishe, usiruke." Sikujua kwamba katika wilaya nzima nilikuwa nimempata mtu mmoja atakayelichukua neno hilo kama kiapo cha mahakamani.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati, mjini. Asubuhi ya Jumatatu moja nilisema tusome pamoja mahojiano ya kwanza ya majaribio, ili tujifunze. Sista alikuwa amemhoji mama mmoja mkulima wa Nyakalengija mwenye presha. Mwalimu aliwasha mashine, maandishi yakatokea ukutani:

"Mshiriki: Dawa ya presha nameza siku nikiumwa kichwa.

Muulizaji: (anavuta pumzi kwa hasira) Siku ukiumwa kichwa? Nani alikwambia hivyo?

Mshiriki: Hakuna.

Muulizaji: Dawa ya presha ni kila siku! Kila siku, umesikia? Hata ukijiona unaweza kupanda mlima hadi kwenye theluji!

(Muulizaji anatafuna karanga.)

Mshiriki: Nimesikia, Sista.

(Muulizaji anaendelea kutafuna karanga.)"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Dereva wetu, aliyekuwa mlangoni akingoja kutumwa, alicheka hata zaidi. Huyo aliwahi kuwa askari jeshi, na sote tulimwita Afande. Sista hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akausoma ukuta tena kutoka juu.

"Mwalimu," alisema. "Wewe umeandika kwamba nilitafuna karanga."

"Ndiyo, Mama. Iko kwa sauti."

"Umeandika mara mbili."

"Ulitafuna mara mingi, Mama. Mimi niliandika mbili tu, juu ya heshima."

Nadhani kama angenyamaza kabla ya hilo la heshima mambo yangeishia pale. Sista alichukua mkoba wake, akasema ana njaa, akashuka ngazi. Kuanzia hapo hakumsemesha Mwalimu tena.

Hakuacha kazi, wala hakufanya kazi vibaya. Aliendelea kuwahoji watu, na Mwalimu aliendelea kuchapa. Lakini neno lolote la kwenda kwa Mwalimu lilipita kwangu. "Mwambie huyo mtu wako wa kuandika kwamba rekodi ya jana ina upepo mwanzoni," angesema, huyo mtu wa kuandika akiwa amekaa karibu naye kiasi kwamba viwiko vyao vinagusana. Na Mwalimu, kwa adabu zake, aliona si vizuri kumjibu mtu asiyemsemesha, kwa hiyo naye alinijibu mimi: "Mwambie Mama nimesikia upepo." Nikawa redio. Siku tulipokwenda Kasenyi kuongea na wachuuzi wa samaki, Sista alitununulia sote sato wa kukaanga, akampa na Afande mkia wa ziada, akamruka Mwalimu. Mwalimu alikula ndizi yake akitazama ziwa, akaniambia kwa sauti ya kusikika kwamba samaki leo hata hana hamu naye.

Nilijaribu kuwapatanisha. Niliitisha kikao. Walikuja, wakakubali kila nilichosema, wakanishukuru, wakatoka bila kutazamana.

Ndivyo tulivyokuwa siku tuliyokwenda Bwera. Kituo tulichokiendea kiko juu ya mji, kwenye vilima, na tulikuwa tumepanga kulala huko: siku ya kwanza mazungumzo ya kikundi na wahudumu wote, siku ya pili kuwafuata wakienda kuchanja watoto mlimani. Sista alikaa mbele. Mwalimu alikaa nyuma kabisa, na mimi katikati kama mpaka wa kimataifa. Tulipita Kikorongo, tukashika barabara ya mpakani, nyati wakitutazama kutoka kwenye nyasi, na hakuna aliyesema hata "tazama nyati".

"Hii gari ni kama ya mazishi," Afande alisema. "Mutu aseme kitu. Hiyo ni amri!"

"Mwambie Mwalimu afunge dirisha," Sista akaniambia.

Kituoni walitupokea vizuri. Walikuwa wametandika mabenchi nyuma ya jengo, kwenye kivuli. Mkuu wa kituo alikuwa tabibu kijana, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kutazama viatu vyake. Pembeni yake alikaa mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye shamba la pili. Halafu mtu wa maabara, nesi mmoja, na wahudumu wa vijijini. Sista alikaa upande wangu wa kulia ili atafsiri Lhukonzo kitakapohitajika, maana mimi wa Hima nakijua cha sokoni tu. Mwalimu alikaa kushoto na kinasa sauti.

Nilianza na maswali mepesi, yakaenda vizuri. Nikafika kwenye lile tulilolitungia safari: "Mkitofautiana kazini, huwa mnafanyaje?"

Wakatazamana.

"Hapa hatutofautiani," nesi alisema.

"Sisi iko kama familia moja," mtu wa maabara akaongeza.

Kila mtu anayefanya kazi yangu anaijua sentensi hiyo. Ni kama mlango uliopakwa rangi ukutani: mzuri kuutazama, lakini huwezi kuupitia. Nikauliza tena kwa maneno mengine, wakarudia familia. Nilikuwa nageuza karatasi niende swali la mbele, na ndipo mkunga alipoinua mkono.

"Dada, unataka tuseme ya kwetu. Na ya kwenu?"

"Ya kwetu yapi?"

"Hawa wawili." Aliwaelekeza kwa kidevu, mmoja kisha mwingine. "Tangu watoke ku gari hawajasemeshana. Mama alitaka maji, akaomba wewe, na chupa iko mu mukono ya huyu bwana. Niliona. Sisi wote tuliona."

Wahudumu wa vijijini waliitikia kwa vichwa. Kumbe walikuwa wameona kweli, na nina hakika walikuwa wamekwisha kulijadili.

Katika mafunzo tuliambiwa mtafiti asijiingize, abaki pembeni. Hatukuambiwa afanye nini anapovutwa kutoka pembeni kwa kola. Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka. Kabla sijapata neno, Sista alivuta pumzi akaanza kusema kwa Lhukonzo, maneno mengi, ya haraka, mikono ikipanda na kushuka. Mimi niliambulia neno karanga tu. Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Tabibu mwenyewe alificha uso.

Mkunga alimgeukia Mwalimu huku akifuta machozi. "Ni kweli? Uliandika na karanga?"

"Niliambiwa niandike kila kitu."

"Nani alikuambia?"

Mwalimu hakutaka kunitaja. Alinitazama tu, kwa huruma, na wote wakageuza vichwa wakanitazama.

"Ni mimi," nilisema.

"Aa," mkunga akasema, kama daktari aliyepata jibu la vipimo.

Hapo ndipo tabibu aliposema kwa mara ya kwanza bila kuulizwa. Alisema wao pia walikuwa na ugomvi wao. Mkunga alikuwa akiwapeleka akina mama wajawazito kupimwa damu saa ya chakula, na mtu wa maabara alikuwa akifunga mlango saa ya chakula.

"Mutu lazima akule," mtu wa maabara alijitetea.

"Na mimba ingojee ukule?" mkunga akamrukia.

"Mnaona," tabibu alisema. Wakati ule wawili hawa waliacha kusemezana, akina mama wakawa ndio wanabeba ujumbe, na matumbo yao, kutoka chumba hiki kwenda kile. Yeye alikuwa mgeni, mdogo kwa wote wawili, na aliona aibu kuwagombeza watu wazima. Basi akawapanga kwenda chanjo ya mlimani pamoja. "Kasha kubwa la chanjo lina mikono miwili," alisema. "Barafu ikijaa halibebeki na mtu mmoja. Sikuwaambia kitu kingine."

"Tulifika juu tukiwa tunasemezana," mtu wa maabara akasema.

"Tulifika juu tukiwa tunatukanana," mkunga akamsahihisha. "Lakini ulikuwa mwanzo."

Na baada ya hapo ule mlango wa rangi ukawa mlango wa kweli. Nesi alisema anavyoudhika wagonjwa wakisema wanamngoja "musawo mwenyewe", yaani daktari, wakati yeye amekaa mbele yao. Wahudumu wa vijijini walisema wanavyoonekana kama watu wa kutumwa maji, na jinsi tabibu alivyoanza kuwauliza habari za nyumba za wagonjwa kabla ya kuandika dawa. Tabibu alisema anavyoogopa mikutano. Chai ilipoa. Sista alitafsiri huku akiegemea mbele, na Mwalimu alishikilia kinasa sauti kama mtu anayelinda mshumaa. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyapata. Yalianza kwa sisi kuumbuliwa, na hilo sikuliandika kwenye taarifa kama mbinu.

Asubuhi yake tulikuta vitu vya chanjo vimepangwa uani. Pikipiki zingetufikisha kwenye kijito, kutoka pale ni miguu mpaka kanisa la juu, ambako akina mama wangetungoja. Mkunga aligawa mizigo akiwa na uso mkavu kabisa. Nesi akapewa daftari na kadi, mtu wa maabara mfuko wa sindano. Wahudumu wa vijijini walikuwa wametangulia kuita watu. Kasha likabaki chini, la buluu, na mikono yake miwili.

"Batu yangu yote beko na mizigo," mkunga alisema akitazama mawingu. "Hii kasha sijui."

Mtu wa maabara aliinama kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba.

"Mimi nalinda gari," Afande akasema, akasimama wima kabisa.

Nilipiga hatua nilishike mimi. Mkunga alinitundika mzani begani kabla sijafika. "Wewe beba hii."

Sista alilitazama kasha. Mwalimu naye alilitazama kasha. Wakainama wote kwa pamoja.

Kutoka kwenye kijito njia inapanda moja kwa moja, kati ya mihogo na kahawa, kisha migomba, na udongo wake ukiwa na unyevu unateleza. Mkunga alinishika kiwiko akanivuta mbele. "Usigeuke," akanong'ona. Nilitii, lakini masikio hayana mgongo. Kwanza nilisikia pumzi tu, na barafu ikigongana ndani ya kasha. Mwalimu ni mrefu na Sista ni mfupi, kwa hiyo uzito wote ulikuwa ukimlalia Sista.

"Mwambie ashushe upande wake!" Sista aliita.

Nilikuwa mbali. Yaani, sikuwa mbali, ila mkunga aliniminya kiwiko.

Hatua kadhaa. Halafu: "Shusha!"

"Mama, nikishusha tena nitatembea kwa magoti."

"Basi tembea kwa magoti! Na ukifika uandike!"

Mkunga alitabasamu bila kusimama. "Umesikia?" aliniambia. "Ni mwanzo."

Waligombana migomba yote ile. Waligombana kuhusu upande wa kupita, kuhusu nani anavuta na nani anasukuma, kuhusu rekodi ya Kasenyi yenye upepo. Halafu nikasikia kishindo na mlio wa mtu mzima aliyekaa chini bila kupanga. Hapo niligeuka, kiwiko au la.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye tope, miguu imenyooka mbele, na kasha amelipakata tumboni, limesimama wima, halina hata tone la udongo. Sista alifungua mfuniko, akatazama barafu, akatazama vichupa, akafunga. Kisha akapiga magoti palepale topeni.

"Kunja mguu. Nyoosha. Inauma wapi?"

"Hapa, Mama."

"Haujavunjika. Umechubuka." Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakimwagia maji ya kunywa, akamfuta damu, akamfunga goti kwa fundo ambalo lingezuia mto. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

"Mama," Mwalimu alisema, "ile mambo ya karanga, sikuandika juu ya kuchekesha batu."

"Najua."

"Nilifuata kazi."

"Najua, nimesema." Sista aliendelea kukaza fundo ambalo lilikuwa limekwisha kukazwa. "Karanga hazikuniuma. Nilisoma pale ukutani jinsi nilivyomsemesha yule mama. Yeye alikuja kunieleza maisha yake, mimi nikamgombeza mpaka akaacha kusema. Miaka yote hiyo nilijua nafundisha watu. Sasa nitafanyaje nisijisikie vibaya? Nikakukasirikia wewe uliye karibu."

Mwalimu alifikiri, kwa namna anavyofikiri yeye, polepole na kwa haki. "Lakini alisema 'nimesikia, Sista.' Na alisema kwa sauti ya kushukuru. Mimi nilisikia mara tatu. Ile sikuweza kuandika, sauti ya kushukuru. Sikujua naandika namna gani."

Sista alimshika chini ya kwapa akamwinua, yeye mfupi vile.

Kanisani akina mama walikuwa wamejaa, wengine wamekaa hadi kwenye ngazi. Nilikuwa nimepanga kwamba sisi tutakaa nyuma tuangalie. Mkunga hakuwa na habari na mipango yangu. Sista alikuwa amevaa glavu kabla sijakaa, akiwashika watoto miguu ili nesi achome, akiwaongelesha mama zao. Mwalimu alipewa kazi ya kuwatoa watoto kwenye mzani, kwa sababu alifika kwenye boriti tulikoutundika bila kupanda benchi. Mtoto wa kwanza alimkojolea shati. Wa pili alimshika pua akakataa kuiachia, na mama yake aliona haya, na Mwalimu akasema kwa sauti ya kubanwa, "Acha, Mama, acha, iko salama." Nilisikia mama mmoja akimwambia Sista kwamba yeye humpa mtoto wake maji ya majani fulani akiharisha. Nilimwona Sista akivuta ile pumzi yake. Akaishikilia. Akauliza, "Ehe? Na wewe ulifundishwa na nani, mwanangu?" na yule mama akaanza kusimulia, na ushauri ukaja baadaye kabisa, kwa upole, kama kitu alichokikumbuka tu.

Jioni tulikula bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake nyumbani kwa mkunga, Afande akila kwa niaba ya kikosi kizima, na kesho yake tukarudi Kasese.

Nisidanganye kwamba wakawa marafiki wa kutembeleana. Walichokuwa ni watu wanaobishana bila kupumzika. Sista alianza kuja ofisini mapema kusikiliza rekodi zake mwenyewe, Mwalimu upande wa pili, kila mmoja na waya mmoja wa visikilizio sikioni, vichwa vimekaribiana. Chini wakigonga mabati, juu hawa wanagombania neno.

Neno lililowashinda lilitoka kwenye yale mazungumzo ya Bwera. Mhudumu mmoja wa kijiji alikuwa amesema jambo kwa Lhukonzo kuhusu wanavyoishi pale kituoni. Sista alisema maana yake ni "tunasaidiana". Mwalimu alisema hapana, ni "tunavumiliana". Walibishana asubuhi nzima. Wakaniita niamue, mimi wa Lhukonzo cha sokoni. Nikampigia mkunga simu nikaweka sauti ya nje, nikamweleza.

Aliyepokea alikuwa mtu wa maabara. Alisema mkunga ananawa mikono, mama mmoja yuko karibu kujifungua, ila ngoja, amwekee simu sikioni. Tulisikia maji yakimwagika.

"Mnanipigia juu ya neno moja?" sauti ya mkunga ilijaza chumba. "Na nyinyi batu wa masomo! Andikeni yote mbili. Ni kitu kimoja." Halafu kwa mtu wa maabara: "Kata, kata, mama anaita."

Simu ikakatika. Sista na Mwalimu walitazamana, kisha Mwalimu akavuta kibodi, akaandika yote mawili.